Maneno Nyuma ya Picha

Kwenye blogu yangu naandika mambo matatu: kazi yangu ya kutengeneza tovuti, uchoraji, na mimea yangu ya kwenye makopo ambayo inazidi kunifia licha ya kubembelezwa. Wasomaji wangu si wengi, na nusu yao ni ndugu zangu wanaotaka kujua kama nimewasema. Makala iliyopendwa kuliko zote ni ile niliyowafokea watengeneza tovuti wavivu. Niliwaambia kila picha lazima iwekewe maelezo nyuma yake, maneno ambayo hayaonekani kwenye skrini lakini simu ya mtu asiyeona huyasoma kwa sauti. "Usipoyaandika," nilisema, "umemfungia mwenzako mlango kisha unamchungulia dirishani." Nilijipenda sana siku ile.

Leo ningependa kuifuta makala hiyo, lakini nyumbani kila mtu ameshaisoma.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mchoraji. Alikuwa anafundisha shule, na akirudi anajifungia chumba cha nyuma kuchora, chumba kinachonuka tapentaini mpaka mapazia. Mimi nimekulia humo. Alinifundisha kwamba kivuli si cheusi, na kwamba ukitaka kuchora kikombe, kitazame kikombe, usichore kile unachodhani unakijua. Halafu presha ya macho ikamwingia polepole, ikaanzia pembeni ikamalizia katikati. Siku hizi anajua tu kama taa imewashwa au imezimwa.

Mwanawe, binamu yangu tunayemwita Meneja kwa sababu hajawahi kubeba kiti ila hupanga viti vikae wapi, ndiye aliyeleta wazo la kumtengenezea mzee tovuti ya picha zake. Nikasema niachieni mimi. Mjomba akacheka, akaniambia, "Fanya haraka, mama, na mimi nataka nizione tena." Nikadhani anatania, maana mjomba na mizaha ni pete na kidole.

Sasa, sisi watu wa tovuti tuna tabia moja. Tukiwa bado tunajenga, penye nafasi ya maneno tunajaza maneno yoyote, tukijua tutarudi kuyabadilisha. Wengine huweka herufi zisizo na maana. Mimi huweka utani, kwa sababu kazi inachosha. Meneja alinitumia picha zote kwa mkupuo, zikajipanga kwenye skrini zikiwa ndogo kama stempu. Nikawa nazipachika huku nasikiliza mpira redioni, na nyuma ya kila moja natupia neno: "Kijani tena." "Bakuli, au kofia." "Mama kanuna." "Mtoto kichwa kama boga." Kisha nikahamia kwenye rangi, mpangilio na aina ya herufi, vitu ambavyo mjomba hataviona kamwe, na huko nikajituma mpaka mgongo ukaniuma. Kwenye maelezo sikurudi. Tovuti ikaenda hewani, nami nikaitangaza kwa mbwembwe.

Jumamosi tukakusanyika sebuleni kwa mjomba. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi, kama anayesubiri mgeni. Meneja akaiunganisha tovuti na runinga, watu wakashangilia, mama yangu akapiga vigelegele. Mjomba alikuwa akigeuza uso kila sauti inapotokea, anatabasamu.

"Haya, sasa zamu yangu," akasema, akatoa simu mfukoni mwa shati.

Nilikumbuka yale maneno yangu ya utani wakati huo huo, kabla hata hajaigusa.

"Picha," simu ikasema kwa ile sauti yake kavu. "Kijani tena."

Watu wakacheka. "Simu imelewa hiyo," Meneja akasema.

"Picha. Bakuli, au kofia."

Hapo kicheko kikapungua. Mjomba bado alikuwa anatabasamu, ila kama mtu aliyesahau kuliondoa tabasamu. Akasogeza kidole.

"Picha. Mama kanuna."

Mama yangu akaitazama runinga. "Huyu si mama yetu?" akauliza. "Kaka, hii si ile uliyomchora mama kabla hajafariki?"

"Picha. Mtoto kichwa kama boga."

Hakuna aliyecheka tena. Meneja, Mungu ambariki, akajaribu kuniokoa. "Itakuwa mtandao tu, unachanganya mambo." Nilikuwa nimeshafungua mdomo nidandie hapo hapo. Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu ambayo hakuna mtu sebuleni mle angeyapinga. Lakini mama alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Yalikuwa ya muda tu. Nilitaka kuyabadilisha."

"Wewe si ndiye uliyewagombeza watu kwenye blogu yako?" mama akauliza.

"Mwacheni," mjomba akasema. Akanigeukia, akakosea kidogo upande niliokaa. "Hebu niambie. Hiyo ya kijani ni ule ukuta wa shule wenye ukungu, au ni mapazia?"

"Sikumbuki, mjomba."

"Hukumbuki, au hukuangalia?"

"Sikuangalia."

Akaizima simu, akairudisha mfukoni taratibu. "Nilidhani leo nitaziona," akasema. Hakufoka. Angefoka ningepona.

Kesho yake nikaenda na kompyuta yangu, nikabisha hodi kama mgeni. Nikamwomba radhi, nikamwomba anikubalie nianze upya. Akanipeleka chumba cha nyuma, akipapasa ukuta, akaketi. "Andika unachokiona," akasema. "Usinirembee."

Nikaanza kuzitoa picha zenyewe, moja moja, naziegemeza ukutani, nazitazama, nasema kwa sauti, ndipo naandika. Ya kijani ilikuwa mapazia. Bibi hakuwa amenuna hata kidogo. Alibana midomo kwa sababu alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, sindano nyembamba isiyoonekana picha ikiwa ndogo kama stempu. Nilipoitaja, mjomba akacheka kidogo. "Umeiona," akasema.

Mwishoni nikamtoa yule mtoto. Yupo mezani, nywele zimesukwa upande mmoja, mwingine bado. Ana penseli mkononi na kikombe alichokichora kimekwenda upande. Kichwa ni kikubwa kwa kuwa mchoraji alikuwa amesimama, anamtazama kutoka juu. Juu ya jicho kuna kovu dogo. Nikashika la kwangu.

"Mjomba, huyu ni mimi."

"Najua ni wewe. Si nimekuchora mwenyewe? Endelea. Anatazama wapi?"

Nikainama karibu. "Juu. Anakutazama wewe. Amekukazia macho kweli, kama anataka kukukariri."

Mjomba akanyoosha mkono, akaipapasa fremu kwa vidole.

"Ndivyo ulivyokuwa," akasema. "Zamani ulikuwa unatazama."

Nikainamisha uso kwa aibu, kana kwamba angeweza kuuona.