Jiwe la Rezo

Kambini Bulengo, nje kidogo ya Goma, watu walimwita Yasmini Dogta wa Mégas, yaani daktari wa data za simu, na jina hilo alilipenda, asikudanganye mtu. Yeye ni mzaliwa wa Mabanga, mjini. Wenzake walikuwa wakimbizi wa vita kutoka Rutshuru. Walimletea vipele, homa na mimba zao, naye alipanda jiwe refu la lava, mahali pekee penye mtandao, au rezo kama walivyouita, akaiuliza simu, akashuka na jibu. Hakuwa nesi. Lakini hospitali ilikuwa mbali na simu ilikuwa mkononi.

Asubuhi moja, jua halijachomoza vizuri, alikuwa tayari jiweni aliposikia ukelele. Chini yake, kwenye kishimo, Uwizeye, mkimbizi aliyejenga kibanda humo juzi tu, alikuwa amempakata binti yake wa miaka minne.

"Mama Yasmini! Béata anazimia! Angalia mu simu, mbio!"

Yasmini akaandika. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, akakitukana. Hatimaye ukurasa ukafunguka: aliyezimia alazwe chali, miguu iinuliwe.

"Mulaze chini! Munyanyue miguu!"

Uwizeye akatii. Midomo ya mtoto ikageuka rangi.

"Inazidi kuwa mubaya, mama!"

"Mushikilie vile vile! Simu inasema hivyo!"

Ndipo Yasmini akaiona babula ya Uwizeye, lile jiko lake la makaa. Yasmini alipopita pale akija jiweni, makaa yalikuwa mekundu. Sasa yamezima, na hakuna aliyemwaga maji. Kando yake kuku wawili wamelala ubavu. Uwizeye naye, aliyepiga magoti, alianza kuyumba.

Mazuku! Ile hewa ya volkano isiyo na harufu, inayotambaa chini mashimoni na kuua. Mtu wa Rutshuru angeijuaje? Lakini Yasmini aliijua kabla hajajua kusoma. Mama yake alimchapa mara ngapi kwa kucheza kwenye mashimo kama lile! Aibu ikamchoma hata kabla ya hofu.

Akaiacha simu jiweni, akabana pumzi, akashuka. Alimnyanyua mtoto juu ya kichwa chake, mkono wa pili akamkokota Uwizeye kwa kitenge mpaka juu ya jiwe. Akampigapiga Béata mgongoni. Kimya. Akampiga tena, huku analia. Mtoto akakohoa, akatapika, kisha akapiga kelele zilizoamsha kambi nzima.

Watu wakajaa. Uwizeye akaiokota simu, akaikumbatia, mkono mwingine ameushika wa Yasmini.

"Mungu abariki hii simu!"

"Kumbe ni kulaza chini na kunyanyua miguu," alisema muzee Damascène, akirudia polepole asije akasahau. Nyuma yake akina mama nao walikuwa wakirudia.

Yasmini angeweza kunyamaza. Alitamani sana kunyamaza.

"Hapana, papa. Mu shimo ya mazuku, kulaza chini njo kuua. Simu haikujua tuko wapi. Miye nilijua, na nikasema mumulaze."

Uwizeye akauachia mkono wake.