Chuma Kilichobana Tumbo

Cherehani ya mama ilinyamaza wiki ya harusi. Kimkono kinachovuta uzi kilikatika, na dukani walimcheka: spea za mashine kongwe hivyo zitoke wapi? Magauni ya wapambe wa bibi harusi yamelala mezani, nusu nusu.

"Si mnachapa vyuma huko kazini?" akaniuliza. "Basi nichapie."

Karakana yetu ina mashine inayotandaza unga wa chuma, laini kama poda, na kuuyeyusha kwa mwanga mkali, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kinasimama juu ya bamba. Kimkono kilisimama kizuri. Msimamizi wetu, tunayemwita Mzee Sawasawa, akakipima palepale kwenye bamba.

"Sawasawa! Kata."

Nikakitenga na bamba kwa msumeno. Kikajikunja kama jani kavu. Kwenye cherehani hakikuingia hata kwa kubembelezwa.

"Sasa tulipima nini?" Akakuna kichwa.

Unga uliobaki ulitosha kimoja tu. Cha pili kilipokamilika, akaushika msumeno. Mimi nikijikwaa kwenye kiti hukiomba radhi, lakini niliyakumbuka yale magauni.

"Bosi, usikate. Kimebana tumbo."

"Kimefanya nini?"

Nikaeleza huku nikitazama viatu vyangu. Wateja wa mama wakipimwa hubana tumbo, kisha gauni likiisha hawawezi kukaa. Chuma nacho kimepoa kikivutana, ila bamba limekishikilia. Kipimo cha pale ni cha mtu aliyezuia pumzi.

"Tukitie tanurini na bamba lake, kilegee. Ndipo tukate, ndipo tupime."

"Chuoni wanafundisha hayo?"

"Ya tanuri, ndiyo. Ya tumbo ni ya nyumbani."

Alicheka mpaka akauweka msumeno chini. Kilipotoka tanurini na kupoa, alikikata kwa mkono mmoja, wa pili umeushika wangu, kama watoto. Hakikujikunja. Akapima, akapima tena, akanong'ona: "Sawasawa."

Wapambe walivaa. Baada ya harusi Mzee Sawasawa akaja kuisikiliza cherehani iliyopona, na mama, kwa shukrani, akataka kumshonea suruali. Tepu ilipozunguka kiunoni, kidevu chake kikapanda, kitambi kikatoweka.

Mama akaniangalia, midomo imejaa pini.

"Achia tumbo, Bosi," nikasema, safari hii nikimtazama usoni.

"Nisipoachia?"

"Utaingia tanurini."