Marehemu wa Sura ya Pili

Riwaya yangu inasimuliwa na mtu aliyefiwa na mke safarini. Niliiandika kwa mkono, madaftari manne, kwa Kiswahili, maana Kifaransa nilichofundisha Bukavu miaka kumi na minane, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hakininunulii hata nyanya. Karani wa kanisa akaipiga chapa, nakala kumi na tano zikazunguka kambini, wamama wa kwaya wakalia. Nilifurahi walipolia. Mimi ni mtu wa kula peke yangu na kulala peke yangu, na machozi ya watu yalinipa joto.

Aliyeniudhi ni Dany, mwalimu wa sekondari anayeongoza kikundi chetu cha kusoma kila Jumamosi.

"Papa Télesphore," alisema mbele ya watu, "huyu musimulizi wako iko anatudanganya. Sura ya pili, bibi anakufa Uvira, mbele ya kuvuka ziwa. Sura ya sita, anamugombeza bwana kule Kigoma juu ya viatu. Maiti inavukaje ziwa? Njo vile riwaya za siku hizi banaziandika, musomaji ajitafutie ukweli mwenyewe. Umeweza, papa."

Watu wakapiga makofi. Nilicheka kama mtu aliyekanyagwa mguu na mkwewe. Haukuwa ufundi wowote. Nilikuwa nimeusahau uongo wangu mwenyewe.

Cécile hakufa. Tuligombana Kigoma, nikapanda basi kwa hasira nikimwambia atanifuata, na hakunifuata. Siku ya kuhojiwa hapa, wenzangu kwenye foleni walinishauri: ukisema mke amepotea, faili yako italala akitafutwa, sema alikufa. Nikasema alikufa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka tisa na bado naitembea, na faili ililala vilevile.

Kumbe kitabu kilinichongea kwa njia nyingine pia. Ndani yake niliweka ngano ya mwanamke aliyegeuka moshi. Kwetu kila mama anaijua, na wote huimaliza mume akiufungia moshi ule ndani ya chungu. Cécile peke yake aliimaliza moshi ukitoka zake, mume akibaki kuosha chungu. Nami nikaiandika hivyo hivyo, bila kufikiri.

Wiki tatu baadaye Dany alirudi kutoka Lilongwe. "Kuko mama mushonaji kule mutaa wa Nsungwi, nilimuachia nakala. Anasema mwisho wa ile ngano ni wake. Anauliza uliutoa wapi."

Alikuwa Cécile, hakuna mwingine. Tangu saa ile nilitaka jambo moja tu: niende ofisini nikiri kwamba mke wangu yuko hai, tuandikwe pamoja, tule pamoja. Upweke ulikuwa umenichosha, sioni haya kusema.

Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda. Nilimkuta barazani, cherehani mbele yake, miwani puani, kitabu changu kando kimejaa alama za penseli. Hakusimama.

"Karibu, mwalimu," alisema. Zamani aliniita Télé. "Unaandika muzuri. Ule bwana anayesimulia simuamini hata kidogo. Lakini bibi yake nilimulilia."

"Cécile, nisamehe. Kesho naenda kwa biro. Nitasema niliongopa, batuandike pamoja."

Alikata uzi kwa meno, akauweka chini.

"Na mi nilisema ulikufa."

Akavua miwani.

"Siku ya kuulizwa. Nilisema bwana alikufa Kigoma na malaria. Sasa vipimo vya daktari nimemaliza, nangojea tarehe ya ndege, banihamishe inchi ingine. Ukienda kunifufua, banafunga dosye yangu, faili yote."

Nikamwuliza kama alau alinizika vizuri.

"Muzuri," alisema. "Na kwaya." Kisha akaingia ndani akaniletea chai, sukari vijiko vitatu, bila kuniuliza.

Nilikuwa naikoroga chai alipokuja Jeannette, jirani yake Mrundi, kuchukua gauni lake la kanisa. Akaniangalia toka viatu hadi kofia, akauliza mgeni ni nani. Cécile aliniachia mimi nijibu. Ningeweza kusema. Neno moja tu, na ndege ingeondoka bila yeye.

"Mi ni mwandishi wa Dzaleka," nilisema. "Nimekuja kuuliza mama kama kitabu changu kilimupendeza."

"Na bibi yako?"

"Mi ni mujane."

"Pole, papa." Uso wake ukachangamka, akamgeukia Cécile. "Na wewe uko mujane. Sasa munangojea nini? Muoane."

"Mi niko na safari," alisema Cécile, akilikunja gauni lile mara ya pili.

Nikamaliza chai yangu, nikawashukuru wote wawili, nikaaga.