Mwenyeji wa Chini ya Ua

Jumanne saa nne asubuhi, mafundi wa mradi wa maghala walichimba shimo la kupima udongo uani kwa Paskazia Chenge, Kirumba, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Nyumba ilikuwa imeshachorwa X nyekundu. Tangazo lilisema eneo lile halikuwahi kukaliwa na watu, hivyo waliojenga ni wavamizi na wapishe ndani ya siku saba.

Kwenye mita moja na nusu koleo liligonga sakafu ya udongo uliokandwa. Palikuwa na mafiga matatu, vigae vya vyungu, jiwe la kusagia lililolika katikati, na mwanamke wa makamo anayepuliza moto. Aliwaomba mafundi wasogee, wanamkingia jua. Wakasogea.

Paskazia alimwamkia shikamoo. Mwanamke hakuijua salamu hiyo.

"Mwangaluka, mayu," Paskazia akajaribu Kisukuma cha bibi yake, na hapo akaitikiwa.

Mchana alikuja Dorotea, mtaalamu wa mambo ya kale. Alipima sakafu, akachukua mkaa wa kupimwa baadaye, na kwa kuangalia vigae akaandika barua kwamba hapo paliishi watu yapata miaka mia saba iliyopita. Mwanamke alisema yeye hakuhesabu.

Paskazia aliisoma barua ile akapata nguvu. Alikuwa ameishi kwenye ua ule miaka ishirini na sita, na mumewe alikufa akiezeka chumba cha nyuma. Alhamisi akaenda na mwanamke huyo ofisi ya mradi, kwa miguu, jiwe la kusagia likiwa kichwani mwa mwenziwe.

Ofisa aliitwa Khalidi. Aliwapa viti.

"Mama yangu, huyu ni nani kwako?"

"Alikaa pale kabla yangu. Nyie mmeandika hapakukaliwa."

"Ana hati?"

Mwanamke akaweka jiwe mezani. Khalidi alipitisha kiganja pale lilipolika, taratibu.

"Hili limesagiwa miaka mingi," alisema. "Ila halina mhuri."

Paskazia akatoa barua. Khalidi aliisoma mara mbili, kisha akavua miwani.

"Kama pale ni pa kale, mama, sheria hairuhusu mtu kuishi juu yake. Kama si pa kale, ni pa mradi. Wewe sioni pa kukuweka."

"Nami naishi pale sasa hivi."

"Najua, mama. Pole."

Walirudi wakipita soko la Mwaloni, katikati ya magunia ya dagaa. Nyumbani Paskazia alianza kufunga vyombo. Mwanamke akamsaidia kukunja mablanketi.

"Wamekupa muda gani?" akauliza.

"Siku saba. Zimebaki tano."

"Ni wazuri. Walioniondoa mimi hawakusubiri uji uive."

"Nao walisema hapana mtu?"

"Walisema pana ng'ombe wao."

Paskazia alikaa juu ya godoro lililofungwa kamba akalia. Mwanamke alikaa naye mpaka akamaliza.

Siku ya saba katapila lilikuja. Dorotea alishachukua vigae kwenye mifuko yenye namba. Kwa vilivyobaki hakupata kibali cha kuvichukua. Mwanamke alishuka shimoni na jiwe lake, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Dereva alimsubiri akae vizuri, ndipo akasukuma kifusi.

Paskazia alihamia Buswelu kwa wifi yake Sabina, chumba kimoja, maji ya kununua kwa ndoo. Mwezi wa nne tangu ahame alishindwa kuvumilia. Akachukua unga wa mtama kilo mbili, akaenda Kirumba. Ghala lilikuwa limekamilika, na geti lina mlinzi.

"Nimekuja kumjulia hali mwenzangu," alisema. "Yupo humo, chini."

Mlinzi hakubisha. Alisema malori yakinyamaza yeye humsikia akisaga. Akafungua daftari la wageni, akashika kalamu.

"Anaitwa nani?"

Paskazia aliutua unga chini. Hawakuwahi kuulizana majina.

"Bila jina siwezi kukuandika, mama," mlinzi alisema, na kwa heshima akampisha kivulini, akae hapo nje kadiri atakavyo.