Matuu au Naivasha

Viola alitaka usiku mmoja tu. Mtu asije akasema alikuwa na tamaa. Mumewe, Dalmas, alikuwa amemaliza miaka mingine mitatu Qatar akilinda maghala ya watu, sasa anarudi kwa likizo ya mwezi mmoja, na Viola, fundi wa sare za shule hapa Kiuu, Ruiru, aliujua mwezi huo kabla haujaanza. Likizo iliyopita aliimalizia jikoni akiwapikia wageni kuku, mume akimwona kwa mbali kama mtu wa kanisa lingine. Walipata kuzungumza siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege, tena ndani ya gari la jirani, jirani akisikiliza.

Safari hii alisema hapana. Watapitia mahali fulani, walale wawili peke yao, ndipo waende Kimilili, kwao Dalmas, ukoo umchukue mtu wao. Na mahali penyewe pawe na mizabibu. Divai hawanywi, ni watu wa kanisa, lakini Dalmas aliwahi kumwambia kwenye simu kwamba kule anaziona zabibu dukani kila siku na hajawahi kuziona zikining'inia kwenye mti wake. Viola aliyashika maneno hayo.

Miji ikabaki miwili. Waruguru, mzaliwa wa Kiganjo kule Thika, aliyeuza mitumba mlango wa pili, alikuwa na chaguo lake.

"Wewe enda Matuu," alisema. "Unapita Thika, unashika barabara ya Garissa. Kuna mzee amepanda zabibu huko na ako na vyumba. Hiyo barabara hakuna mtu wenu anapitanga. Mtakuwa wawili, aki."

"Matuu na hiyo jua yote?"

"Jua haijawahi kuja kwako na shemeji kumi, Viola."

Viola alicheka, lakini macho yalikuwa kwenye simu. Matuu ilikuwa na picha mbili, moja ya tangi la maji. Naivasha ilikuwa na ziwa, nyasi, kitanda cheupe chenye taulo zilizokunjwa, na mizabibu mistari kwa mistari. Tena iko kwenye barabara ya kwenda kwao, na kesho yake wangepandia gari pale pale. Akachagua Naivasha, na hapo ndipo alipoharibu kila kitu kwa mkono wake mwenyewe.

Kwani haikupita wiki mama mkwe akapiga simu kutoka Kimilili. Angemdanganya? Kwao mtu hamdanganyi mama mkwe. Labda anyamaze, na huyu hakuwa mtu wa kunyamaziwa.

"Mtafika siku gani, mwanangu?"

"Ijumaa, mama. Alhamisi tutalala Naivasha, tuone zabibu."

"Naivasha! Basi hapo mko njiani. Mungu awabariki sana."

Viola akashukuru, akakata simu, akajiona mke mwenye busara.

Alhamisi, saa saba mchana, Dalmas alisimama katikati ya mizabibu akakigusa kichala kwa kidole kimoja, taratibu. Alikuwa amekonda. Viola alimpenda sana, akamsogelea.

"Viola," Dalmas alisema bila kugeuka, "kuna kitu sijaambia mtu. Kule nilikuwa..."

Honi ikalia langoni. Gari la kukodi lililofungwa matawi mbele likamwaga watu wa Kimilili wakiimba: shangazi, binamu, na Austine, mdogo wake Dalmas, akiwaongoza. Walikuwa wametoka nyumbani alfajiri, na Naivasha waliuliza tu penye zabibu. Mtu wao ametoka ng'ambo, amefika mji ulio njiani. Wangekaa vipi nyumbani wakimngoja?

"Mama amechinja," Austine alisema. "Amesema leo unalala kwake. Siti ya mbele ni yako."

"Na Viola?"

Austine akahesabu vichwa, akahesabu tena. "Shemeji atakuja kesho. Si rumu imelipwa?"

Viola alimwangalia mumewe. "Dalmas, niliomba usiku moja."

Dalmas akaangalia viatu vyake. "Mama amengoja miaka tatu."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

Wimbo ulikuwa umeanza tena. Dalmas akamshika mkono, akasema kesho, akapanda mbele.

Viola alibaki barazani na begi lake. Alilia, wala hakujificha. Mhudumu wa pale, msichana mpole aitwaye Bridget, akaja kuuliza habari za chakula cha jioni. "Na mzee ako wapi, mama?"

Kwa miaka mitatu watu wa Kiuu walimuuliza swali hilo hilo, naye akawajibu kwamba yuko Qatar. Walimwonea huruma, na yeye alijionea huruma, ikatosha. Lakini sasa Dalmas hakuwa Qatar. Saa hii labda alikuwa Gilgil, mji unaofuata njiani, akiimba.

"Ameenda nyumbani," Viola alisema, akaomba chakula cha mtu mmoja.