Pazia Jekundu

Mwami, mtawala wa jadi, alishapoteza milima yake huko Kivu, akabaki na fleti ya vyumba viwili Falls Church, Marekani, lakini makuu hakuyaacha. Mwaka ule wa 1998 watu wake walitoka kwenye vibarua vya kuosha wazee na kuegesha magari ya wenye nazo, wakavua viatu mlangoni kwake na kupiga magoti kwenye zulia. Hakuna aliyeketi kabla yake wala kuinuka kabla yake. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya baraza lake, ambayo Gervais, mchoraji wake wa tangu zamani, aliichora kwao na kuitorosha ikiwa imeviringishwa. Pembeni alijichora mwenyewe, brashi mkononi.

Christophe, mwanafunzi wa Gervais, alikuwa akisugua vyoo vya ofisi Herndon. Alipandaje cheo? Kwa kufuta watu. Jamaa mmoja alikosa sherehe kwa sababu ya kazi, Mwami akaagiza aondolewe pichani. Gervais alikataa, Christophe akashika brashi, akamgeuza yule mtu ngoma. Wa pili akawa ngao. Kila alipomfuta mtu, Christophe alisogezwa karibu na Mwami, na waliokuwa wakimpita bila salamu wakaanza kumwinamia. Kulimnogea.

Siku moja Gervais alifika kutoka kazini, magoti yamemvimba, akaketi kabla ya Mwami. Mwami hakupandisha sauti. Alimwambia Christophe tu kwamba kiti cha mkono wake wa kulia kiko wazi.

Christophe alijua anachoombwa. Jumatatu Gervais angesimama mbele ya jaji wa uhamiaji kuomba hifadhi. Karatasi zake ziliungua zote. Ushahidi pekee kwamba alikuwa mtu wa Mwami, na kwamba akirudishwa atauawa, ulikuwa ile sura pembeni mwa picha. Jumamosi wakili wake angekuja na kamera.

Alhamisi Christophe akapaka pazia jekundu juu ya sura hiyo. Rangi ya kwanza ilipokauka, macho ya Gervais bado yalionekana. Angeweza kuacha hapo, na moyo ulimwambia aache. Akakitazama kile kiti, akapaka tena, na tena.

Jumamosi wakili alisimama mbele ya picha akauliza mteja wake yuko wapi. Mwami akajibu kwa upole kwamba watu wake wote wako pale, awahesabu. Christophe, ameketi kulia kwake, ndiye aliyetafsiri, neno kwa neno.

Wakili akatoka kwenda kupiga simu. Gervais akasogea, akapitisha kidole juu ya pazia, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto.

“Ulipaka mara ngapi?”

“Tatu, Papa.”

“Na kila mara uliachaka ikauke?”

“Ndiyo, Papa.”

“Ni vile nilikufundisha,” Gervais akasema. “Moja haifunikake mtu.”

Akaenda mlangoni, akahangaika kuvaa viatu kwa yale magoti yake. Christophe alitaka kumsaidia, alitaka sana. Lakini Mwami alikuwa bado ameketi.