Chumba cha Mtu Mmoja

Sokoni walimwita Shoka, na si kwa sababu ya lile shoka lake la kukatia mifupa tu. Mdomo wake nao ulikata. Mteja akiuliza kama nyama ni laini, humjibu, "Ukitaka laini, kanunue pamba."

Lakini siku binti yake alipompigia simu akilia kwamba mumewe amemtoa nje, yeye na watoto wake wawili, Shoka hakuwa na maneno makali. Alimwambia tu, "Njoo nyumbani," kisha akafuta macho kwa kitambaa cha kufutia visu.

Mwanawe wa kiume, aliyekuwa akiishi naye pamoja na mkewe, ndiye aliyetoa wazo.

"Baba, ndani tumejaa. Uani pamekaa bure. Tumjengee dada kijumba chake, choo chake humo humo, akae kwa heshima yake. Wewe una kazi zako, niachie mimi nisimamie."

Shoka alijisikia kama mtu aliyevishwa taji. Kesho yake aliwatambia wenzake wa bucha: "Nyinyi mna watoto. Mimi nimezaa!" Binti akahifadhiwa kwa rafiki yake kwa muda, na kila alipopiga simu baba alimwambia, "Vumilia, mama, kwako panaezekwa."

Yeye mwenyewe alikuwa akitoka nyumbani kabla ya jua na kurudi giza limeshaingia. Aliona kuta zikipanda, aliona bati. Ndani hakuwahi kuingia. Mwana akisimamia, baba achungulie nini?

Siku moja umeme ulikatika soko zima. Shoka akauza nyama aliyoweza, akafunga bucha mchana, akarudi nyumbani na aproni yake ya damu kiunoni. Akaenda moja kwa moja uani. Fundi alikuwa akilainisha plasta ya mwisho.

Jambo la kwanza aliloliona Shoka ni kwamba mlangoni hapakuwa na ngazi. Palikuwa na mteremko wa zege. Akasema moyoni, watoto watapafanya pa kutelezea. Akaingia. Chumba kimoja, kidogo. Mahali pa jiko hapakuwapo. Mwanamke na watoto wawili watapikia wapi? Akafungua mlango wa choo. Choo cha kukaa, na ukutani pembeni yake chuma kinene kimekazwa kwa skrubu nne.

"Shikamoo, mzee!" fundi akasema nyuma yake, furaha imemjaa. "Afadhali umekuja mwenyewe. Hebu kaa hapo nipime."

"Upime nini?"

"Hicho chuma. Niliambiwa kiwe usawa wa kiwiko chako, na mimi kiwiko chako sijawahi kukiona. Nimepimia changu."

Shoka alikuwa na uchovu wa asubuhi nzima, na mtu aliyechoka akiambiwa kaa, hukaa. Akakaa juu ya kile choo kipya, aproni na yote. Mkono wake ukaangukia juu ya chuma, sawasawa.

"Kimekubali!" Fundi akapiga makofi. "Unaona, mzee? Hata goti likigoma, unavuta kidogo tu, huyoo, umesimama!"

"Nani kakwambia habari za goti langu?"

"Mkweo. Si amesema unahamia huku mwisho wa mwezi? Chumba chako kule ndani nitakivunja ukuta, kiungane na sebule." Fundi akamtazama usoni, na mwiko ukamshuka mkononi. "Kwani, mzee, hukuwa unajua?"

Shoka alisimama. Hakushika chuma.

Alimkuta mkwe wake ndani ya chumba chake cha kulala, juu ya kiti, futi ya kupimia mkononi, anapima dirisha.

"Ah, shikamoo baba. Leo umewahi kurudi."

"Nimewahi, lakini wewe umeniwahi zaidi. Shuka. Mpigie mumeo simu, mwambie aje sasa hivi, asisubiri hata lifti ya ofisini kwao. Aruke dirishani."

Mwanawe alifika jasho linamtiririka, tai imemgeukia begani. Alipomwona baba yake amekaa sebuleni na ile aproni, na mkewe amesimama kama mwanafunzi aliyechelewa, alijua.

"Baba, ngoja nikueleze."

"Nieleze. Nani analala uani?"

"Baba, ulianguka bafuni. Nilikukuta sakafuni, nikakunyanyua kwa mikono yangu, ukanikataza nisimwambie mtu. Kule hakuna ngazi, hakuna vigae vya kuteleza. Ni kwa ajili yako."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ukweli wake ndio uliomchoma. Angeambiwa uongo, angecheka.

"Kwa hiyo uliponiona nimeanguka, ukaamua nisisimame tena?"

"Tungekuuliza ungekataa!"

"Ndiyo, ningekataa! Watu wanaulizwa ili wakatae, mpumbavu wewe! Ng'ombe ndiye haulizwi. Mimi nawajua ng'ombe."

Mwanawe akavua tai, akaikunja.

"Na dada yako je?"

Mwana akaangalia sakafu. Mkwe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Wifi tulifikiri tumtafutie chumba cha kupanga. Mahali palipo karibu."

Shoka alisimama, na sauti yake ikafika uani, ikavuka ukuta, ikaenda kwa majirani.

"Mmejenga kwa jina lake! Kila siku ananiuliza, baba, wamefika wapi, na mimi namwambia vumilia! Mumewe alimtoa kwa matusi, angalau alimtazama usoni. Nyinyi mmemtoa kwa matofali, huku mnanichekea! Mimi mmenitia shimoni, yeye mmemfungia mlango, halafu kuta mnasema ni za upendo!"

"Baba, punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Wengine wana baba pia, wapate tahadhari!"

Akavua aproni, akaitupa kwenye kochi jipya la mkwe wake. Kisha akasema polepole, na upole huo uliwatisha kuliko kelele.

"Kwenye vile vyumba vyenu viwili atalala binti yangu na wanawe. Nyinyi mnahamia uani. Leo."

"Baba!" mkwe akalia. "Kule hakuna hata jiko!"

"Nimeona. Mimi mlidhani ningekula nini?"

"Tungekuletea chakula."

"Vizuri. Wifi yako atawaletea."

Wakafikiri anatania, mpaka alipoingia chumbani kwao na kuanza kukunja godoro mwenyewe. Wakabeba. Kitanda chao kilikuwa kikubwa, cha harusi. Kilifika mlango wa kijumba kikakwama. Wakakilaza ubavu, wakakisimamisha, wakakizungusha. Jirani mmoja alikuwa ameshapanda kwenye tangi lake la maji aone vizuri.

"Hakitapita," fundi akasema, macho yake chini. "Nilipewa kipimo cha kitanda cha mtu mmoja."

"Basi walale kwa zamu," Shoka akasema.

Mwanawe akaweka kitanda chini.

"Baba, hivi mpaka lini?"

"Mpaka nife. Na sina haraka."

Akawaacha pale, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, akampigia binti yake. Kule kwenye simu binti akauliza kwa woga kama plasta imekauka, maana mtoto mdogo ana kifua.

"Chumba kimebadilika," Shoka alimwambia. "Utaingilia mlango wa mbele. Beba kila kitu chako, hata kijiko usiache. Na usije unalia, maana leo hapa tunagombana, hakuna atakayekusikia."

Nyuma yake, mlangoni pa kijumba, msumeno ukaanza kukata mbao za kitanda cha harusi.